Kundan Lal Gujral: Mkimbizi aliyejenga jina kwa kuku na choroko nyeusi

MKULIMA wa mbaazi, dengu au choroko anajua kwamba soko lake kubwa liko India. Mwaka 2017 nchi hiyo ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei hapa Tanzania iliporomoka na wakulima wengi wakabaki na magunia yao. Pamoja na hayo, ni wachache kati yetu wanaojua mazao hayo ya jamii ya mikunde yanafanywa nini yakishafika jikoni huko, na ni akina nani walioyatoa kwenye sufuria ya nyumbani wakayafikisha kwenye hoteli za hadhi.

Mmoja wao ni Kundan Lal Gujral, mfanyabiashara wa chakula aliyefariki dunia mwaka 1997. Jina lake linahusishwa na vyakula vitatu vinavyouzwa leo katika miji mingi duniani: kuku wa tandoori, kuku wa mchuzi wa siagi, na choroko nyeusi zinazopikwa taratibu, ziitwazo dal makhani.

Alianzia chini

Gujral hakuanza na mtaji. Akiwa kijana alifanya kazi katika mgahawa mdogo mjini Peshawar, mji ambao sasa uko Pakistan. Mwenye mgahawa aliitwa Mokha Singh, na mgahawa wenyewe uliitwa Moti Mahal, yaani Kasri la Lulu.

Katika eneo hilo na jimbo jirani la Punjab, tandoor, yaani tanuri la udongo, lilikuwa chombo cha kuokea mikate. Vijijini tanuri moja liliweza kutumiwa na kaya nyingi, kila mama akija na unga wake uliokwisha kukandwa. Gujral anatajwa kuwa miongoni mwa waliotia kuku ndani ya tanuri hilo, akiwa amelowekwa kwenye mtindi na viungo, na kumfanya biashara.

Mwaka 1947 mambo yaligeuka. India iligawanywa zikawa nchi mbili, India na Pakistan, na Peshawar ikabaki upande wa Pakistan. Mamilioni ya watu walihama makwao na mamia ya maelfu waliuawa katika machafuko. Gujral, akiwa Mhindu, alikuwa mmoja wa waliokimbilia Delhi.

Huko alikutana na wenzake wawili waliotoka naye Peshawar, Kundan Lal Jaggi na Thakur Dass. Wakaungana, wakafungua mgahawa katika mtaa wa Daryaganj, Delhi ya zamani, na kuupa jina lile lile walilolijua, Moti Mahal. Walichokuwa nacho ni ujuzi, tanuri na jina. Wateja wao wa kwanza wengi walikuwa wakimbizi wenzao wenye hamu ya chakula cha nyumbani.

Hakuna kilichotupwa

Siri ya mgahawa ule ilikuwa hesabu. Kuku aliyeokwa akikosa mnunuzi hukauka, na nyama kavu haiuziki. Dawa ikawa ni kumrudisha kwenye mchuzi wa nyanya, siagi na malai, yaani ule utando mnene wa maziwa. Hasara ikageuka kuwa bidhaa mpya.

Fikra hiyo hiyo ikahamia kwenye choroko nyeusi, ambazo Wahindi huziita urad. Hiki kilikuwa chakula cha kawaida cha familia za Punjab tangu zamani. Choroko nzima zenye maganda hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa kwa tangawizi na vitunguu saumu, mara nyingi pamoja na maharage mekundu kidogo. Baada ya hapo sufuria huachwa juu ya makaa kwa saa nyingi. Moto mkali hauitakiwi. Punje hupasuka polepole, hutoa ute wake, na mchuzi huwa mzito wenyewe.

Hapo ndipo tanuri linapolipa mara mbili. Mgahawa ukifungwa usiku, makaa bado yana joto, na joto hilo huweza kuivisha sufuria ya choroko hadi asubuhi bila kununua kuni nyingine. Kilichoongezwa pale Daryaganj ni nyanya, siagi na malai. Neno makhani lenyewe linatokana na jina la siagi. Kwa viungo hivyo, chakula cha kila siku cha mkulima kilipata mahali kwenye meza ya tajiri.

Waziri Mkuu wa kwanza wa India, Jawaharlal Nehru, alikipenda chakula cha Moti Mahal, na mgahawa huo ukawa unapika kwenye dhifa za wageni wa taifa. Leo dal makhani haikosekani kwenye harusi nyingi za kaskazini mwa India. Ndugu yake asiye na mbwembwe, yaani choroko zilizopikwa taratibu bila malai, bado hutolewa bure kwenye mahekalu ya Masingasinga, ambako tajiri na maskini huketi chini mstari mmoja na kula chakula kimoja.

Ugomvi uliobaki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mgahawa wa awali uliuzwa. Familia ya Gujral iliendelea na biashara kwa matawi yenye jina la Moti Mahal. Mwaka 2019 familia ya Jaggi nayo iliingia sokoni kwa mgahawa uitwao Daryaganj, ikisema kuwa mgunduzi wa kuku wa siagi na dal makhani ni mzee wao. Januari 2024 mvutano huo ulifikishwa Mahakama Kuu ya Delhi, upande wa Gujral ukidai kwamba sifa hiyo ni ya babu yao peke yake.

Wazee wote wawili hawapo tena. Jaggi alifariki mwaka 2018. Waliofanya kazi jiko moja na kugawana faida kwa miaka mingi wameacha wajukuu wakigombea mahakamani nani aligusa sufuria kwanza.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hapa pana somo kubwa kuliko la mapishi. Wabia wanapoanza na mtaji mdogo, jina na utaalamu ndiyo mali yao kubwa, lakini mara nyingi ndiyo mali isiyoandikwa popote. Mkianza biashara ya pamoja, iwe ya achari, siagi ya karanga au unga wa lishe, andikeni nani ameleta nini na jina litakuwa la nani mkiachana. Kwa Tanzania Bara, jina la biashara na alama yake husajiliwa BRELA.

Na kwa mkulima, maisha ya Gujral yanaonyesha faida ilipo. Choroko zilikuwa zile zile. Waliozipandisha thamani ni wale waliozipa muda, moto mdogo na jina.