Samuel Colt na Bunduki Zilizonadiwa Mara Mbili



Katika nyumba nyingi za jamaa zetu utakuta ukutani jambia, upanga na bunduki ya babu. Mgeni akiuliza bunduki ile ni ya nani, ataambiwa ni ya mzee. Akiuliza mzee aliipata wapi na mwaka gani, hapo maneno hupungua. Kila nikiona jambo hilo humkumbuka Mmarekani mmoja, Samuel Colt. Hakuwa mwenzetu kwa nchi wala kwa asili, lakini silaha zake zilimfikia Sayyid Said bin Sultan, na hadithi yake ina funzo kwetu sisi wenye vitu vya wazee.

Colt alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, tarehe 19 Julai 1814. Baba yake alikuwa mfanyabiashara ambaye mali ilimponyoka. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na kijana alipofika miaka 11 akapelekwa kutumikia shambani kwa watu. Shuleni hakudumu. Alipenda baruti na kujaribu mambo, na majaribio yake yaliwachosha walimu. Mwaka 1830 baba yake akamtia baharini, katika jahazi lililoitwa Corvo, likienda Calcutta.

Katika safari hiyo ndipo alipochonga kwa mti mfano wa bastola yenye silinda inayozunguka. Wako wanaosema aliupata ujuzi huo kwa kutazama usukani wa jahazi, na wako wanaosema ni roda ya kuvutia nanga. Lililo hakika ni kwamba alirudi nyumbani na kile kipande cha mti na wazo moja kichwani. Siku zile bunduki ilipiga risasi moja, kisha mtu akasimama kushindilia upya huku adui anamjia. Colt alitaka silaha ipige mara tano au sita bila kushindiliwa.

Wazo halina faida bila fedha. Kijana akajiita daktari, akazunguka miji ya Marekani akiwavutisha watu hewa ya kuchekesha, nao walilipa kiingilio kuona wenzao wakicheka na kuyumba. Fedha hiyo akawapa mafundi wa bunduki wamtengenezee mifano. Mwaka 1835 akapata hati ya uvumbuzi Uingereza, na tarehe 25 Februari 1836 akapata ya Marekani. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 21 tu, akafungua kiwanda katika mji wa Paterson, New Jersey, si mbali na New York.

Hapa ndipo habari zake zinapokutana na zetu. Sayyid Said alikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu mwaka 1833. Mwaka 1840 alipeleka New York merikebu yake Sultana, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Ilibeba pembe, karafuu, tende, kahawa na ngozi, pamoja na zawadi za Rais Van Buren, miongoni mwao farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kuzifanya mali yake. Bunge likaamua, vingine vikahifadhiwa na serikali, na farasi wakauzwa kwa mnada, fedha ikaingia hazina. Merikebu ilitengenezwa upya kwa gharama ya serikali ya Marekani, ikarudi Unguja na zawadi za Sayyid. Ndani yake mlikuwamo mashua ya fahari, vioo vikubwa, na silaha za kufululiza kutoka kwa Colt.

Nataka msomaji atazame tarehe hiyo. Mwaka 1840 Colt hakuwa tajiri. Silaha zake zilikuwa ghali na mitambo yake ni laini, na jeshi la Marekani lilizijaribu likazikataa. Mfalme wa Unguja na Maskati alipokea kitu ambacho kwao kilikuwa bado hakijapata soko. Miaka miwili baadaye, mwaka 1842, kampuni ya Paterson ikafungwa na mali yake ikatiwa mnadani. Mashine zikaondoka kwa waliotoa bei, na mshirika mmoja aliyekuwa akiidai kampuni akachukua bunduki na vipande vilivyobaki, akaviunganisha na kuviuza. Huo ndio mnada wa kwanza wa bunduki za Colt. Zilinadiwa kama vyombo vya mtu aliyefilisika.

Mwaka huo ulikuwa mzito kwake kwa jambo jingine pia. Ndugu yake John alihukumiwa kwa kumuua mpiga chapa, na siku aliyopangiwa kunyongwa akakutwa amekufa gerezani. Samuel alikuwa amesimama naye hadi mwisho. Baada ya hapo akashughulika na mabomu ya chini ya maji na nyaya za simu, na ikaonekana kwamba habari za bastola zimekwisha.

Zilirudi kwa njia ya vita. Walinzi wa Texas walikuwa wamepata bastola chache za Paterson na wakaziona faida yake. Vita vya Marekani na Mexico vilipoanza mwaka 1846, ofisa mmoja wao, Samuel Walker, akashauriana na Colt kuhusu bastola kubwa zaidi ya risasi sita. Serikali ikaagiza 1,000. Colt hakuwa na kiwanda tena. Akazitengenezea katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo, akaongeza kama 100 za kuwapa wakubwa na kuuza kwa raia. Bastola hiyo ina uzito wa karibu kilo mbili. Walker mwenyewe alipokea jozi yake, na muda mfupi baadaye, Oktoba 1847, akauawa vitani.

Kuanzia hapo Colt hakuangalia nyuma. Akajenga Hartford kiwanda kikubwa chenye kuba la buluu mfano wa kitunguu, akafungua kingine London, na kila kipande kikatengenezwa kwa mashine ili kifanane na mwenzake. Alijua kuuza kuliko wengi wa zama zake. Aliwapelekea wafalme bastola zilizotiwa dhahabu. Moja ya zile alizomtengenezea Sultani wa Uturuki iko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na Mfalme wa Urusi naye alipewa zake, ilhali Urusi na Uturuki walikuwa wakipigana. Hata nchi yake ilipogawanyika mwaka 1861, aliuzia Kusini hadi vita vilipokwisha kuanza. Siwezi kumsifu kwa hilo. Aliyeuza silaha kwa pande mbili hawezi kusema damu haikumgusa.

Alifariki tarehe 10 Januari 1862, umri wake miaka 47, akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani. Lakini hebu tazama nyumba yake. Watoto wake na mkewe Elizabeth walikufa wadogo wote isipokuwa mmoja, Caldwell, naye akafariki mwaka 1894 kabla ya mama yake. Elizabeth ndiye aliyebeba mzigo. Kiwanda kilipoungua mwaka 1864 alikijenga upya. Alijenga pia kanisa la kumkumbuka mume na watoto, na penye mlango uliokusudiwa mafundi pamechongwa vipande vya bastola ndani ya nakshi ya mawe. Mimi niliyesomeshwa na wamisheni nimeona nakshi nyingi za makanisa, lakini hiyo ni peke yake. Na alipofariki mwaka 1905, mkusanyiko wa silaha za mumewe uliingia katika makumbusho ya Wadsworth Atheneum, Hartford, ukiwa na maelezo yake. Hakuwa na mjukuu wa kumwachia, basi akauachia mji.

Sasa tuje kwenye mnada wa pili. Zile bastola za Paterson zilizoizamisha kampuni leo ni vitu vinavyotafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Mwaka 2011 moja iliyokaa ndani ya sanduku lake iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 900,000. Mwaka 2018 bastola moja ya Walker, katika zile chache walizouziwa raia, ilifika dola 1,840,000. Ilikuwa imenunuliwa na nahodha wa Kidenmark, ikaenda Ulaya, ikarithiwa na kufichwa wakati wa vita, lakini sanduku lake na habari zake havikupotea. Na mwezi Agosti 2021, Los Angeles, iliuzwa bastola ya Colt ambayo Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881. Bei yake ilipita dola milioni sita. Bastola hiyo kwa sura ni ya kawaida kabisa, imetoka kiwandani na maelfu ya wenzake, na dada zake nyingi huuzwa kwa sehemu ndogo mno ya bei hiyo.

Tofauti basi ni nini? Ni karatasi. Garrett alipokufa, bastola ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mjane wake akaenda mahakamani kuidai, akashinda, na kesi yenyewe ikawa ushahidi kwamba bastola ni ile. Wanaonadi silaha za kale hutazama kwanza namba zilizopigwa chapa, kama za mtutu, silinda na fremu zinalingana. Hutazama rangi ya asili ya chuma, na anayeisugua ikang'aa ameondoa sehemu kubwa ya thamani kwa mkono wake mwenyewe. Kisha huuliza ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Kampuni ya Colt hata leo hutoa barua kutoka kwenye vitabu vyake vya zamani, kueleza silaha yenye namba fulani ilipelekwa lini na kwa nani. Ni kazi ya makarani waliokufa zamani, walioandika kila kitu mstari kwa mstari bila kujua kwamba wino wao ungekuja kuwa na bei kuliko chuma.

Nimeandika haya kwa uchungu wangu pia. Babu yangu aliacha gobori. Pamoja nayo kulikuwa na kibweta cha bati chenye kibali chake cha serikali na karatasi mbili tatu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baada ya matanga nyumba ilifagiliwa, na karatasi zile zikaenda na taka. Gobori lenyewe binamu yangu alilisugua kwa mchanga mpaka likang'aa kama sufuria, na baada ya miaka likachukuliwa na mchuuzi kwa bei ya magunia mawili ya mchele. Simlaumu mchuuzi, aliona chuma na mti, akalipia chuma na mti. Aibu ni yangu. Mimi karani, niliyekaa maisha yangu yote nikitunza mafaili ya watu, sikufungua faili la babu yangu.

Sisemi mtu auze bunduki ya mzee. Anayetaka kuuza aulize kwanza sheria ya silaha ya nchi anayokaa, asiihamishe wala kuisafirisha bila ruhusa, na asimkabidhi dalali kabla ya kupata makadirio kwa zaidi ya mtu mmoja. Asiyetaka kuuza, na naomba muwe wengi, ana kazi nyepesi zaidi. Jioni moja keti na aliye mkubwa kuliko wote katika nyumba. Muulize bunduki ile ilitoka Nizwa, Unguja au Tabora, nani aliileta na kwa chombo gani, nani aliishika baada yake. Andika majina kamili, ya mtu, ya baba na ya babu, na tarehe ya siku uliyoandika. Piga picha namba na chapa zilizoko kwenye mtutu. Weka karatasi hiyo pamoja na hati za nyumba, na nakala mpe ndugu aliye nchi nyingine.

Silaha za Colt zilizopanda merikebu ya Sultana ziliandikwa katika orodha za serikali, ndiyo maana miaka zaidi ya 180 baadaye tunaweza kuzitaja. Bunduki iliyoko ukutani kwako nayo huenda ina safari yake. Anayeijua yuko hai leo, na simu yake unayo.