Anyona: Mbunge pekee wa chama aliyekataa kuwa pambo

CHAMA chenye kiti kimoja Bungeni ni rahisi kugeuzwa pambo. Wakubwa hukitaja kama ushahidi kwamba wachache nao wamo, kisha huamua mambo pasipo kukisikiliza. Marehemu George Moseti Anyona, mbunge wa Kitutu Masaba, Nyamira, alikikalia kiti cha aina hiyo tangu 1992 hadi 2002, na hakukubali kunyamaza.

Anyona, aliyezaliwa mwaka 1945, aliingia Bungeni 1974 kwa tiketi ya KANU kuwakilisha Kitutu Mashariki, iliyokuwa katika wilaya ya Kisii. Wakati huo mbunge wa kawaida alitarajiwa kupiga makofi tu. Yeye aliuliza maswali, likiwemo lile la zabuni ya mabehewa ya reli. Mwaka 1977 alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akaachiliwa Desemba 1978.

Mwaka 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walijaribu kuunda chama kipya. Anyona alirejeshwa kizuizini, na Juni mwaka huo Katiba ikabadilishwa ili KANU pekee itambuliwe kisheria. Alikamatwa tena 1990, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa uchochezi pamoja na wenzake watatu. Aliachiliwa kwa dhamana mapema 1992.

Mwaka huo aliwania urais kupitia Kenya Social Congress (KSC), akapata kura elfu 14 na ushei. Chama kilishinda kiti kimoja tu, chake, na ndivyo ilivyokuwa pia 1997.

Hata hivyo, uchache huo haukumzuia kuwa mstari wa mbele katika mazungumzo ya IPPG mwaka 1997. Hadi hapo, Rais ndiye aliyewachagua wabunge wote 12 wa kuteuliwa. Baada ya mapatano, viti hivyo viligawiwa vyama kulingana na nguvu zao Bungeni. Vyama vilitakiwa pia kuzingatia usawa wa jinsia, ingawa sheria haikuweka idadi.

Anyona alishindwa katika uchaguzi wa 2002, na akafariki katika ajali ya barabarani Novemba 2003. Katiba ya 2010 imedumisha viti hivyo 12 katika Bunge la Kitaifa, vikiwemo vya vijana, walemavu na wafanyakazi. Wanaovikalia wangali wanakabiliwa na mtihani wake: kuhesabiwa tu, au kusikika.