Tharia Topan, Mshika Forodha

Sisi wakazi wa Mbaraki, ambao kila siku twaziona meli zikiteremsha shehena gatini, yatupasa tumkumbuke mtu aliyeshika ushuru wa pwani hii, Mombasa ikiwamo, zamani za Sayyid Barghash.

Tharia Topan alizaliwa Kachi, Bara Hindi, mwaka 1823, akafika Unguja angali mtoto. Alitumika katika nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha miaka mingi. Mwaka 1875 alifuatana na Sayyid Barghash hadi London, na mwaka 1876 forodha ikawa mkononi mwake. Desturi ilikuwa hivi: mwenye kukodi humlipa Sultani kiasi walichokatiana kwa mwaka, kisha hutoza ushuru, 5 kwa mia kwa bidhaa za ng'ambo, na kinachozidi ni chake. Hivyo Sultani alipata fedha bila ya kujua khasa bandari zake zimeingiza nini. Mpango huo hatuusifu. Wala hatufichi kwamba mali yake ndiyo iliyomwezesha Tippu Tip kufunga safari za bara, zilizoleta pembe na kuteka watumwa.

Lakini haki ya maiti ni kutajwa kwa wema wake pia. Mwaka 1887 aliweka msingi wa hospitali ya maskini. Alikufa Bombay mwaka 1891, kazi haijatimia. Mkewe akaiendeleza, ikafunguliwa mwaka 1894. Jengo hilo lingali limesimama Unguja, limeelekea bandari ile ile aliyokuwa akikusanya ushuru wake.