Bhaskaracharya: Mwalimu Aliyewafungulia Watu Mlango wa Hisabati

Katika maadhimisho ya hekalu letu ni desturi kuwakumbuka waliotutangulia. Safari hii tumeona vema tumkumbuke mtu aliyeishi mbali na Morogoro, na zaidi ya miaka 800 kabla yetu. Sababu yetu ni moja. Katika nyumba zetu, na katika nyumba za majirani zetu, wamo watoto wengi wanaoamini kwamba hisabati si yao. Kwamba ni elimu ya wachache waliozaliwa nayo, na wengine hawana budi kuiogopa mpaka wamalize shule. Bhaskaracharya alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa kuliko wote wa zama zake, lakini hakuandika kama mtu anayeamini hivyo. Aliandika kama mtu anayemfungulia mgeni mlango.

Alizaliwa mwaka 1114, akaitwa Bhaskara. Neno acharya, maana yake mwalimu, ni heshima aliyoongezewa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mji wake ulikuwa karibu na milima ya Sahya, safu ndefu inayopita magharibi mwa India, sambamba na bahari. Sisi tunaoamka kila siku chini ya Uluguru hatuhitaji maelezo mengi kuhusu maisha ya namna hiyo: mvua inayoanzia mlimani, mito inayoteremka, na watu wanaoishi kwa kuitegemea. Baba yake, Maheshvara, alikuwa msomi wa elimu ya nyota, na ndiye aliyemfundisha. Kwa hiyo shule yake ya kwanza ilikuwa nyumbani.

Mwaka 1150, akiwa na umri wa miaka 36, alikamilisha kitabu kikubwa kiitwacho Siddhanta Shiromani. Kina sehemu nne: ya kwanza ni hesabu, ya pili aljebra, ya tatu mwendo wa sayari, na ya nne ni elimu ya tufe la dunia na mbingu. Alikiandika kwa Kisanskriti, katika mashairi, kwa kuwa wakati ule elimu ilihifadhiwa kwanza katika kumbukumbu za watu. Wenyeji wa pwani yetu wanalielewa jambo hili, maana wazee wao nao waliyatia katika tenzi yale ambayo hawakutaka yapotee. Lakini Bhaskara alijua pia kwamba shairi fupi laweza kumfungia mwanafunzi nje. Kwa hiyo aliandika ufafanuzi wake mwenyewe kwa lugha ya nathari, akieleza sababu za kanuni na jinsi ya kuzitumia.

Sehemu ya kwanza, iitwayo Lilavati, ndiyo iliyolifikisha jina lake mbali. Ndani yake hesabu imevikwa mavazi ya maisha ya kila siku: bei za matunda sokoni, riba ya mkopo, dhahabu iliyochanganywa, lundo la nafaka, shimo la kuchimbwa, gogo la kupasuliwa, na kivuli cha kijiti juani. Mara mwandishi anamsemesha mfanyabiashara, mara anamsemesha msichana. Tutoe mfano mmoja tu, kwa maneno yetu. Mwanzi wenye urefu wa dhiraa 32 umevunjwa na upepo, na ncha yake imegusa ardhi umbali wa dhiraa 16 kutoka shinani. Je, umevunjikia wapi? Mtoto yeyote wa Uluguru amekwisha kuuona mwanzi uliovunjika. Anachoongezewa ni kuona kwamba kipande kilichosimama, ardhi, na kipande kilichoinama vimefanya pembetatu. Jibu ni dhiraa 12 kutoka chini, na kipande kilichoinama ni dhiraa 20.

Kuhusu jina Lilavati kuna simulizi lililoenea. Inasemekana lilikuwa jina la binti yake. Bhaskara alikuwa ametafuta saa njema ya harusi ya mtoto huyo, akaweka saa ya maji: kikombe chenye tundu dogo, kinachoelea na kuzama kwa muda maalumu. Binti aliinama kukitazama, lulu ikadondoka kutoka katika vazi lake, ikaziba tundu, na saa ile ikapita bila mtu kujua. Harusi haikufungwa. Baba, kwa kumliwaza, akamwahidi kitabu kitakachodumisha jina lake. Masimulizi haya tunayapata katika tafsiri ya Kiajemi iliyoandikwa zaidi ya miaka 400 baadaye, kwa hiyo tunayapokea kama masimulizi. Hata hivyo, hakuna asiyeona kwamba ahadi hiyo imetimia.

Tusidhani kwamba mtu huyu aliishia kwenye mafumbo ya sokoni. Akijenga juu ya kazi ya Brahmagupta, aliyemtangulia kwa karne 5, alitatua swali hili: ni namba gani ambayo mraba wake ukizidishwa kwa 61, kisha ukaongezwa 1, hutoa tena mraba kamili? Namba ndogo kuliko zote inayotimiza sharti hilo ni 226,153,980. Mfaransa Pierre de Fermat aliwapa wanahisabati wa Ulaya swali hilohilo mwaka 1657, yaani zaidi ya miaka 500 baadaye.

Kuhusu dunia, alifundisha kwamba ni tufe, tena haibebwi na kitu chochote. Kwani kama ina mbebaji, huyo mbebaji naye angebebwa na nani? Twaiona kuwa bapa kwa sababu ni kubwa na sisi ni wadogo, kama vile kipande kifupi cha duara kubwa kinavyoonekana kimenyooka. Alieleza kwamba mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha dunia. Hakuwakejeli waliolipokea simulizi la Rahu anayeumeza mwezi; alitafuta njia ya kulipatanisha na hesabu zake. Alipofika kwenye kugawanya kwa sifuri, alisema jibu ni kitu kisicho na mwisho, akakifananisha na Mungu asiyebadilika, viumbe vingi viingiapo ndani yake au vitokapo. Wanahisabati wa leo hawakubali kugawanya kwa sifuri, lakini hakuna ubaya kwa mwalimu kukosea mahali ambapo wengine hawakuthubutu hata kuuliza.

Mwaka 1183, akiwa na miaka 69, aliandika kitabu kingine, Karanakutuhala, cha kurahisisha hesabu za sayari. Mwaka unaotajwa kwa kawaida kuwa wa kifo chake ni 1185. Mwanawe Lakshmidhara alikuwa msomi katika baraza la mfalme, na mjukuu wake Changadeva akaanzisha chuo cha kufundishia vitabu vya babu yake huko Patan, karibu na Chalisgaon, katika jimbo la Maharashtra la leo.

Habari za chuo hicho zimechongwa kwenye jiwe katika hekalu la huko, na zinahusu mwaka 1207. Sehemu kubwa ya maandishi ni Kisanskriti, lakini penye orodha ya michango lugha inageuka kuwa Kimarathi, lugha ya watu wa kawaida. Hapo imeandikwa kwamba sehemu ya ushuru wa bidhaa zinazouzwa mjini itolewe kwa chuo, na kwamba kila kinu cha mafuta kitoe kipimo kidogo cha mafuta. Kwa hiyo elimu ya Bhaskara haikudumu kwa akili yake peke yake. Ilidumu kwa sababu wauzaji, wanunuzi na wakamuaji wa mafuta wa mji mmoja waliibeba, ingawa wengi wao huenda hawakupata kukisoma kitabu chake.

Baadaye Lilavati ilitafsiriwa kwa Kiajemi na Faizi mwaka 1587, katika enzi ya mfalme Akbar, na mwaka 1817 ikachapishwa kwa Kiingereza kwa mkono wa Colebrooke. Mlango alioufungua haujafungwa.

Nasi tuna soko, tuna maduka, tuna ua wa hekalu ambamo watoto wetu na wa majirani hukusanyika jioni. Kipimo kidogo cha mafuta kwa zama zetu chaweza kuwa daftari, taa ya kusomea, au nusu saa ya mzee anayejua kukokotoa. Tuanze na swali moja la Bhaskara, lisomwe kwa sauti katika kila nyumba. Katika kundi la nyuki, sehemu moja ya tano imeendea ua la kwanza, sehemu moja ya tatu imeendea ua la pili, na mara tatu ya tofauti ya makundi hayo mawili imeendea ua la tatu. Nyuki mmoja amebaki akirukaruka hewani. Je, wote walikuwa wangapi? Jibu hatulitoi hapa. Tutalipokea kwa watoto.