Masinde wa Kimilili: Nabii kwao, mgonjwa wa akili Mathari

Ukitaka kumkera mtu Nairobi, mwambie ametoroka Mathari. Tumekua na hilo tusi hata sisi tuliolelewa mbali, huku Kitale. Nilikuwa mtu mzima kabla ya kujua kwamba jina kubwa kuliko yote ya upande wetu liliwahi kuandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa hospitali hiyo.

Jina lenyewe ni Elijah Masinde. Litupe tu kwenye steji ya Kitale, wazee wakingoja matatu ya Bungoma ijae, halafu uketi usikilize. Mmoja atacheka aseme alikuwa kichaa. Mwingine atakuambia alikuwa nabii, kwamba askari walimfungia seli jioni na asubuhi wakakuta kufuli iko sawa lakini mtu hayupo. Mkifika Kiminini bado wanabishana.

Masinde alizaliwa karibu mwaka 1910 huko Maeni, Kimilili, chini ya Mlima Elgon ambao Wabukusu wanauita Masaba. Kabla ya kuwa mtu wa dini alikuwa mtu wa boli. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930 alichezea Kenya dhidi ya Uganda kwenye Kombe la Gossage, lile ambalo ndilo babu wa mashindano ya CECAFA ya leo. Yaani kijana wa kijijini, miaka ya ishirini hivi, jina linajulikana hadi ng'ambo ya mpaka. Leo angekuwa na wafuasi kibao Instagram.

Alisoma kwa wamishonari wa Friends, hawa tunaowaita Quaker, akawa muumini wao. Baadaye akapata kazi kwenye mahakama ya wenyeji pale Kimilili, kazi ya kupelekea watu samansi. Kisha akaoa mke wa pili, na kanisa likamtenga.

Hapa ndipo wasifu wake mwingi unapokimbia, na mimi nataka tukae. Kutengwa na kanisa miaka hiyo hakukuwa suala la Jumapili tu. Misheni ilikuwa shule, marafiki, heshima, na mtu wa kukuombea ukiugua. Na ili uingie huko, ulikuwa umeambiwa uache vya nyumbani, kwamba ni vya shetani.

Vya nyumbani ni vipi? Mbukusu akipashwa tohara, ile ya Agosti kwenye miaka isiyo witiri, anatoka na kundi la watu waliomwaga damu pamoja naye. Hao ni bakoki wake hadi kaburini. Anaweza kuwaambia mambo asiyoweza kumwambia mama yake. Kuna misambwa, roho za wazee waliotangulia, ambao hawajaenda popote bali wanakaa na familia na wanastahili kukumbukwa. Na mzee wa hadhi akifa kuna kumuse: siku chache baada ya mazishi watu wanaketi uwanjani, na mzee mwenye karama hiyo anatembea mbele yao akisimulia walikotoka, koo zao na vita vyao, akikemea panapohitaji kukemewa na kuwafariji waliobaki. Hakuna anayeachwa alie peke yake chumbani. Ukiniuliza mimi, hiyo ni kliniki ya afya ya akili, tofauti ni kwamba haina risiti.

Masinde alirudi huko. Kufikia mwaka 1943 hivi alikuwa akihubiri kile kilichokuja kuitwa Dini ya Msambwa: kumwabudu Wele, Mungu, kwa njia ya wazee, mlima Masaba ukiwa mahali patakatifu. Lakini alihubiri pia kwamba Wazungu waondoke. Trans Nzoia yote, udongo ule mwekundu unaozunguka Kitale, ilikuwa mashamba ya walowezi, na Wabukusu wengi waliishi humo kama vibarua wenye kipande shingoni. Kwake, kuchukuliwa ardhi na kukatazwa wazee wako lilikuwa jeraha moja.

Mwaka 1944 alikataa amri za kazi ya lazima, akapambana na waliotumwa kumkamata, akafungwa. Mwaka 1945 serikali ikamtoa jela na kumpeleka Mathari.

Mathari yenyewe ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia vichaa, na wodi ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Tangu mwaka 1938 aliyeisimamia ni daktari J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Hiyo haikumzuia kuwa mtaalamu mkubwa wa akili ya Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya Kenya ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wanadai ardhi, na daktari anaandika kuhusu vichwa vyao.

Sasa mweke Masinde mbele ya mfumo huo. Anasema wazee waliokufa wanazungumza naye. Kimilili, maneno hayo yangeitiwa wazee wengine waketi, waulize ni nani anayezungumza na anataka nini. Mathari, hiyo ni dalili.

Nitasema kitu kuhusu mimi, kisha nirudi. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikiwa silali usiku. Mshauri nasaha alinipa karatasi ya maswali: unalala saa ngapi, unakula mara ngapi. Nyumbani shangazi yangu aliniuliza swali moja, nimekuwa nikimwota nani. Nilikuwa namwota babu, aliyezikwa nikiwa kwenye mtihani. Karatasi ilinisaidia kupata usingizi, siikatai. Lakini ni swali la shangazi lililonitoa machozi, na hilo kwenye karatasi halikuwepo.

Masinde alitoka Mathari mwaka 1947. Angalia alichofanya Septemba ya mwaka huohuo. Alikusanya umati mkubwa huko Chetambe, karibu na Webuye, mahali ambapo mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na Hobley walivunja ngome ya Wabukusu na kuua watu wengi. Miaka 52 ilikuwa imepita. Alikwenda kuwatolea sadaka na kuwakumbuka. Serikali iliona uchochezi, na kweli siasa ilikuwepo, tena tele. Mimi naona pia matanga yaliyocheleweshwa nusu karne, yakiongozwa na mtu aliyetoka tu hospitali ya vichaa.

Februari 10, 1948, polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, mtu wa mlimani kutupwa kisiwani kwa zaidi ya miaka 10. Huku nyuma moto ulisambaa hadi Pokot, ambako Lukas Pkech, aliyeifuata imani hiyo, aliuawa na wafuasi wake Kolloa mwaka 1950.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali, wafuasi wake walichoma majengo, na waliobaki kanisani kwa hiari yao hawakuwa na raha naye. Dini ambayo ilikuwa kimbilio kwa mmoja ilikuwa hofu kwa jirani yake.

Uhuru ulipokuja ungedhani yameisha. Dini ya Msambwa ilisajiliwa mwaka 1964 na kupigwa marufuku tena mwaka 1968, safari hii na serikali ya Mwafrika. Masinde aliingia na kutoka jela enzi za Kenyatta, akaachiliwa mwaka 1978 Moi alipochukua hatamu, na haikuchukua muda akakosana na hiyo pia. Alikufa Juni 1987.

Hospitali ya Mathari ipo hadi leo kando ya Barabara ya Thika, na kwenye matatu za Githurai makanga bado wanaitaja kwa utani abiria akibishana kuhusu nauli. Steji ya Kitale nayo, mara ya mwisho nilipopita, mzee mmoja alikuwa anaeleza jinsi kufuli ilivyokutwa iko sawa.