Ritter: Aliyenasa mwanga usioonekana

Ukijaza mtungi wa maji Thika au Ruiru, huenda ukaona bomba la chuma lenye taa ndani. Jamaa aliyegundua mwanga huo alikufa mapema, mfukoni hana kitu.

Johann Wilhelm Ritter alizaliwa 1776 huko Silesia. Akiwa na miaka 14 tu, alianza kujifunza kazi ya mfamasia. Mwaka 1801, akiwa Jena, Ujerumani, alipitisha jua kwenye kioo cha pembetatu, likagawanyika rangi. Akaweka karatasi yenye kloridi ya fedha nje kidogo ya zambarau, pasipo na rangi yoyote. Hapo ndipo iliiva nyeusi upesi zaidi! Ndio mwanga wa urujuanimno.

Ritter alizoea kujipiga umeme mwilini kwa majaribio. Afya ikadhoofika, madeni yakamwandama. Alifariki Munich 1810, miaka 33.

Leo mwanga wake huharibu chembe za urithi za vimelea kama kriptosporidiamu, ambavyo ndama huweza kumwambukiza mtu na klorini huvishindwa. Vikipigwa, havizaani tena. Ila maji yakiwa na tope, mwanga haupenyi. Kwa hivyo kabla hujalipa, uliza: maji yamechujwa? Taa inawaka?