Padre Julius Nieuwland, Mtawa wa Asetilini

Mafundi wa kuchomelea vyuma hapa Moshi wanaifahamu vyema gesi ya asetilini. Gesi hiyo hiyo ilimshughulisha Padre Julius Nieuwland kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mtawa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, ambalo wamisionari wake wapo kwa jirani zetu Uganda tangu mwaka 1958.

Alizaliwa Hansbeke, Ubelgiji, tarehe 14 Februari 1878. Akiwa bado mdogo, wazazi wake walihamia South Bend, Marekani, kilipo Chuo Kikuu cha Notre Dame. Alipata daraja ya upadre mwaka 1903, na mwaka uliofuata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu Katoliki cha Amerika, Washington.

Kazi yake ilihusu vichocheo, ambavyo viwanda vya dawa navyo huvitegemea hadi leo. Mama wa Kichagga apikaye mbege anakijua kitu hicho, hata kama hakiiti hivyo: kimea cha ulezi kina vimeng'enya vigeuzavyo wanga kuwa sukari, navyo vyenyewe havimalizwi na kazi hiyo.

Katika utafiti wake wa udaktari alikutanisha asetilini na kloridi ya aseniki, kichocheo kikiwa kloridi ya alumini. Kilichotokea kilikuwa sumu kali. Akaugua siku kadhaa, akaiacha njia ile. Hatumpambi kwa sifa isiyo yake: aliiacha kwa kuwa ilimdhuru. Tasnifu, hata hivyo, ilibaki chuoni. Mwaka 1918 ilionyeshwa kwa Winford Lewis, mwanakemia wa jeshi la Marekani, naye akatengeneza kutokana nayo silaha iitwayo lewisite. Vita vikamalizika kabla haijatumika vitani. Padre hakuwa ameandika kwa ajili hiyo, wala hakuulizwa.

Miaka hiyo yeye alifundisha botania Notre Dame, na mwaka 1909 alianzisha jarida la American Midland Naturalist. Asetilini hakuisahau. Mwaka 1906 alikuwa amenusa harufu ngeni alipoipitisha gesi hiyo katika mchanganyiko wenye kloridi ya shaba. Ikamchukua miaka 14 kukipata kilichoinukisha. Shaba ile ilikuwa kichocheo: iliunganisha molekuli za asetilini zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1925 alilieleza jambo hilo mbele ya wanakemia mjini Rochester. Kampuni ya DuPont ikasikia, na watafiti wake, wakianzia hapo, wakapata mpira wa neoprene, uliotangazwa mwaka 1931. Mafuta ya mashine hayauharibu upesi kama yaharibuvyo mpira wa miti, ndiyo maana umetumika sana katika mikanda na mabomba ya injini.

Hataza zilileta fedha nyingi. Yeye alikuwa amefunga nadhiri ya ufukara, hivyo malipo yakaenda Notre Dame, naye akaendelea kufundisha. Kuhusu aseniki tulisema hakuchagua. Hapa alikuwa amekwisha kuchagua tangu ujana wake, kabla hajajua ukubwa wa kile alichokiacha.

Alifariki ghafla tarehe 11 Juni 1936, huko Washington, alipokuwa ametembelea maabara ya chuo kile kile alikoandika tasnifu yake.